Potifolio iko ku intaneti lakini hakuna mtu anakuandikia? Tutafute inakwama wapi

Vijana wengi wenye wanaanza dizaini apa Goma wananitumiaka linki na maneno karibu yale yale: yaya, angalia potifolio yangu, niambie kwa nini sipati kazi. Nafungua, na mara nyingi kazi yenyewe haiko mbaya. Kuna wenye wanajua kupanga rangi na maandishi kuliko watu wenye wamezeeka mu emprimeri za Birere, lakini linki haifunguki, ama inafunguka na mtu haelewi anaangalia nini, ama anaelewa alafu haoni fasi ya kuandika. Na kijana mwenyewe juu hajui shida iko wapi anabadilisha kila kitu, anachora logo mpya ya jina lake, anabadilisha picha ya profaili, wiki zinapita, shida iko palepale.

Donk tufanye ivi: tumfuate mtu mwenye anafungua potifolio yako, tangu anabonyeza linki mpaka anakuandikia, na ku kila fasi tuulize nini inaweza kumrudisha. Ufuate kwa mpangilio, usiruke. Haina faida kuhangaika na rangi wakati linki yenyewe inaomba ruhusa.

Na uyo mtu umjue kwanza. Kwetu mara nyingi ni mmoja kati ya wawili. Kuna mtu wa lojistiki ama wa komunikasyo mu ONG, eko ku ofisi Himbi ama Katindo, TDR, ile karatasi ya masharti ya kazi, ilisema «tuma ofri pamoja na potifolio», sasa eko na ofri kibao mbele yake na kazi yake ya kwanza ni kutoa zenye hazifai. Alafu kuna mama mwenye restora, ama kijana mwenye anafungua duka la nguo, yeye anafungua linki mu simu, ku mega za siku moja, amesimama tu barabarani. Hakuna dizaina kati yao, na hakuna mwenye atakuambia nini haikumpendeza. Anafunga, basi.

Kama uko ku Behance, ile site ya madizaina kuonyesha kazi zao, angalia namba zako mbele ya kugusa kitu. Kama wenye waliangalia ni wewe na binamu yako, acha kazi vile iko, ni linki yenye haijafika kwa watu. Kama wengi waliangalia na hakuna aliandika, apo njo ushuke chini ku sehemu za kuaminika na za kuandika.

Linki inafunguka kwako tu

Iyi njo ya kwanza juu inaua wengi bila wenyewe kujua. Uliweka kazi mu Google Drive, ukakopi linki, ukatuma. Kwako inafunguka juu Drive ni yako. Mwenzako anaona ukurasa wa kumwambia aombe ruhusa, Google inakutumia imeli, na imeli unaisoma siku tatu baadaye, wakati ofri zilishafungwa. Ingia ku Drive, bonyeza kushirikisha, ile fasi imeandikwa kwamba ni watu umechagua wewe njo wanaingia, weka kila mtu mwenye ana linki, na umpe haki ya kuangalia tu. Ukimpa haki ya kubadilisha siku moja utakuta folda tupu na hautajua ni nani.

Facebook iko na yake: picha zenye uliwekea marafiki tu, mtu wa inje anaona profaili haina kitu, anafikiri hauna kazi. Instagram, mwenye hajaingia na akaunti anaangalia kidogo alafu inamwomba aingie kwanza, na mtu wa lojistiki hataweka akaunti yake ya nyumbani ku mashini ya ofisi juu yako wewe. Na status ya WhatsApp, tafadhali, iyo haiko potifolio. Inazimika kisha saa 24. Naonaka kazi safi kabisa inapita ku status, watu wanaweka mioyo, kesho yake hakuna mtu anaweza kuipata tena, hata mwenye aliipenda.

Kujaribu haiombi pesa: fungua linki mu dirisha la siri la brauza, ile yenye haikumbuki akaunti zako. Alafu itume kwa mtu wa Bukavu ama Beni mwenye hamko marafiki ku mtandao wowote, akupigie picha ya skrini ya kile anaona.

Inafunguka pole pole mpaka mtu anachoka

Sababu karibu kila mara ni uzito. Ulitoa afishi ku programu ikiwa vile inaenda emprimeri, PNG ya mega zaidi ya kumi, ukaweka kumi za ivo ku ukurasa mmoja. Ku skrini hakuna mwenye anahitaji ile ukubwa. Behance, picha ya upana wa pikseli 1400 inatosha, na ya juu, ile yenye watu wanabonyeza, ni 808 kwa 632. Afishi yenye iko na picha ya mtu ndani, itoe kwa JPEG, kwaliti 75 ama 80, macho hayataona tofauti. PNG ibakize kwa logo na kwa kitu chenye hakina rangi nyingi. Kuna Squoosh, ya watu wa Chrome ya Google, inapunguza picha mulemule mu brauza na inakuonyesha nusu ya mbele na nusu ya kisha, unasukuma mstari uone kama umeharibu.

PDF nayo ivo ivo. Gmail haipitishi faili zenye zimepita mega 25, lakini usikimbilie ku 25, jitahidi ibaki chini ya 5, juu mtu wa ONG atapakua yako na za wengine wote, na umeme ukikatika katikati atarudilia yenye ilikuwa nyepesi. Njia nzuri ya kupima: ngoja saa mbili ya usiku wakati mtandao umejaa, weka simu yako ku 3G, fungua linki yako. Kama wewe mwenyewe unachoka, uko na jibu.

Rangi imebadilika, ama picha inaonekana na ukungu

Rangi kwanza. Unafungua kazi yako ku simu, ile nyekundu ya afishi imekuwa ya kupiga kelele, ama kijani imekufa. Angalia faili ilitoka na rangi za namna gani. Emprimeri inafanya kazi na CMYK, ni wino nne, na apa kwetu wengi tunajifunzia ku CorelDRAW mu emprimeri, donk faili zetu zinazaliwa CMYK. Skrini inatengeneza rangi na mwanga, nyekundu, kijani na buluu, njo RGB. Ukiweka JPEG ya CMYK ku intaneti kila brauza inaitafsiri vile inaweza, na simu ya Tecno na mashini ya ofisi hazitakubaliana. Dawa: faili ya emprimeri iache vile iko, tengeneza kopi ingine, igeuze RGB, na wakati unatoa chagua sRGB. Ni ile kipimo HP na Microsoft walitoa mwaka 1996, na mpaka leo kila skrini inaielewa.

Ukungu mara nyingi ni WhatsApp. Ulimtumia kliyenti afishi, ulipoteza faili, ukaichukua tena mu mazungumzo ya WhatsApp, alafu ukaiweka ku potifolio. Ile ilishafinywa. Tangu mwezi wa nane 2023 WhatsApp iko na chaguo ya HD, inasaidia kidogo, lakini faili ya kazi itume kama dokima, apo haiguswi kabisa. Na kama faili ya mwanzo ilipotea kweli kweli, afadhali uichore upya kuliko kuweka yenye ina ukungu. Dizaina mwenye anaonyesha ukungu anaambia watu kwamba yeye haoni ukungu.

Alafu fonti. Iyi natamani watu waichukulie kwa nguvu, juu karibu kazi zetu zote ziko na Kifaransa. Umepakua fonti ya bure yenye inapendeza sana, umeandika «Cérémonie de collation», na mu fonti iyo é haiko. Programu inaacha kisanduku kitupu, ama inachukua é ku fonti ingine, na unaona herufi mbili zimesimama mu neno kama wageni wenye walikosea harusi. Wewe hauone juu umeangalia iyo afishi siku nzima. Kliyenti anaona ndani ya sekunde moja, juu ni jina la sherehe yake. Mbele ya kupenda fonti yoyote andika kwanza é è ê ç à ï œ na «» uone kama zote ziko. Fonti nyingi za Google Fonts ziko nazo, na ni bure.

Na kama mtu anafungua PDF yako na maandishi yamepangika ovyo, ni juu fonti haikuingia ndani ya faili. Geuza maandishi kuwa michoro mbele ya kutoa, ku CorelDRAW ni Ctrl+Q, ku Illustrator ya Windows ni Ctrl+Shift+O, lakini ku kopi! Ile yenye maandishi bado yanaandikika ibakize fasi salama, juu kliyenti atarudi kubadilisha tarehe, wanarudiaka kila mara.

«Nzuri sana», alafu kimya

Apa njo wengi tumekwama, na apa njo nitakaa.

Mtu amefungua, picha zinaonekana, ameangalia afishi ya konseri, afishi ya kanisa, afishi ya mtu wa siasa, ingine ya konseri. Anasema nzuri. Haandiki. Kwa nini? Juu umemwonyesha kwamba unajua kutengeneza kitu cha kupendeza, na yeye hakuwa anatafuta kitu cha kupendeza, eko na shida. ONG iko na ripoti ya kurasa 40 yenye hakuna mtu anasoma. Mama eko na menyu yenye wateja hawaelewi bei. Mu potifolio yako hakuna fasi anajiona.

Kwa hiyo chini ya kila kazi lazima kuwe na maneno, na maneno yenye kusema shida ilikuwa gani na kwa nini ulichagua vile ulichagua. Naona watu wanaandika tu «Étiquette fromage, client fictif, logiciel: Illustrator». Programu haimhusu mtu, hakuna mama wa restora anauliza ulitumia Illustrator ama nini. Tuchukue iyo iyo lebo ya fromaji, tuandike ivi:

«Zoezi, hakuna kliyenti. Fromaji ya Masisi inafika Goma mara nyingi bila jina, mnunuzi hajui imetoka ku shamba gani na akiipenda hawezi kuirudilia. Nilitaka lebo yenye muuzaji mdogo anaweza kulipia, na yenye inavumilia mafuta. Nilichagua rangi moja tu, kijani nzito, juu ya karatasi ya kahawia, emprimeri inapitisha wino mara moja. Jina ni kubwa kuliko ng'ombe juu fromaji zinapangwa chini ku meza na mnunuzi amesimama. Jaribio la kwanza lilikuwa na rangi tatu na milima nyuma. Mafuta yalipoingia, milima ilionekana uchafu, nikaitoa.»

Soma tena polepole. Hakuna neno gumu. Mwenye anauza asali, ama savoni, ama kahawa ya Kivu, akisoma apo anaelewa kwamba uyu kijana anafikiria bei ya wino, anafikiria mnunuzi amesimama wapi, na ile sentensi ya mwisho yenye kusema uliacha nini njo inamfanya aamini zaidi, juu inaonyesha ulijaribu lebo ku fromaji kweli. Picha tatu zinatosha: lebo peke yake, lebo ikiwa juu ya fromaji, na karatasi yenye ulichorea kwa kalamu. Usiandike zaidi ya mistari kumi, hakuna mwenye atasoma.

Sasa kama kazi yako yote ni afishi, punguza. Kazi 6 mpaka 8 zinatosha kabisa, yenye nguvu kuliko zote iwe ya kwanza, ya pili kwa nguvu iwe ya mwisho, na za katikati zisifanane. Kazi dhaifu moja inavuta zote chini, juu mtu anajiuliza kama siku yake itakuwa ile mbaya.

Na templeti, zile dizaini zenye zilishapangwa tayari. Canva, site yenye inazitoa, ilitoka mwaka 2013 na imesaidia watu wengi, sina vita nayo, hata mimi natumia ku vitu vya haraka. Lakini templeti ya Canva ukibadilisha jina na rangi tu, mtu wa komunikasyo ataitambua, juu yeye pia anaitumia kila asubuhi! Kwa logo ni mbaya zaidi: sheria za Canva zenyewe hazikubali usajili logo yenye imetoka ku templeti kama alama ya biashara, juu kila mtu mwingine ana haki ya kuitumia. Umemuuzia kliyenti kitu chenye hakiwezi kuwa chake.

«Lakini mimi sina kazi za kuweka»

Uko nazo, haujazifanya tu. Hakuna sheria yenye inasema kazi ya potifolio lazima ililipwa. Sheria moja tu njo iko, uandike «zoezi» wazi wazi, juu, si ku herufi ndogo za chini.

Chenye sikubali ni kuchora upya logo ya Nike ama Coca-Cola. Ile imejaa ku Behance, mtu wa apa hawezi kuipima, na haimwambii kitu juu ya duka lake. Toka inje uangalie. Menyu ya fasi wanauza sambaza, bei zimeandikwa na mkono ku ubao. Jile za watu wa pikipiki zenye namba haisomeki usiku. Ofisi ya hospitali fasi watu wanauliza kila dakika maternité iko wapi, iyo ni kazi nzuri sana ya alama za njia, na karibu hakuna dizaina wa apa anaifanya. Mfuko wa kahawa. Kalandriye ya shule yenye mzazi anaweza kuelewa bila kuuliza. Ukitaka kufanya afishi ya Festival Amani, ile yenye ilianza Goma 2014, fanya, lakini neno zoezi liwe kubwa, mtu asifikiri wao njo walikutuma.

Kazi moja ya bure kwa mtu wa kweli inaweza kusaidia pia, moja nasema, na mkubaliane mbele: utabadilisha mara mbili, haipiti apo, na utapiga picha kikishatumika. Bila makubaliano ayo kazi ya bure haiishi, itakula miezi.

Kwa mokapu, ile picha ya kuonyesha kazi yako kama vile iko fasi ya kweli, nitasema neno moja. Naonaka saluni ya Majengo, afishi yake imewekwa ku kituo cha basi cha London, mvua inanyesha, watu wa makoti wanapita. Nani anadanganyika? Kamata simu, nenda Ndosho ama ku barabara yoyote yenye kuta za mawe nyeusi, piga picha ya ukuta moja kwa moja mbele, asubuhi ama wakati kuna mawingu, saa sita jua linapiga juu ya kichwa na kila kitu kinakuwa na kivuli kibaya. Panguza lensi kwanza, ile vumbi yetu inakaa kila fasi. Alafu fungua Photopea mu brauza, inafungua mpaka faili za Photoshop na hailipishwi, uweke ishara yako ku ukuta uo. Mtu akiona ukuta wenye anajua, anaangalia mara ya pili.

Kama kitu kilishachapwa kweli, bashi ama kakemono ama tisheti, achana na mokapu kabisa, nenda upige picha ya kitu chenyewe, na mtu awe karibu yake ukubwa uonekane.

Wanauliza kama kweli ni wewe ulifanya

Wako na haki ya kuuliza, siku izi na IA, akili bandia, kila mtu anaweza kutoa picha ya kupendeza. Dawa ni kuonyesha njia: michoro ya kalamu, jaribio la pili lenye lilikataliwa, skrini ya faili na tabaka zake. Kama ulitumia IA ku sehemu fulani, sema ku sehemu gani. Na uchunge maandishi ya ndani ya picha za IA, naonaka afishi zenye nyuma iko na ubao wa herufi zenye haziko lugha yoyote.

Kazi za emprimeri ni shida ingine. Ulifanya stage, mlikuwa wanne ku mashini moja, logo ilichorwa na patro, wewe ulipanga maandishi. Uliza patro kama unaweza kuionyesha, alafu andika ukweli: «Nilipanga kurasa na kutayarisha faili ya kuchapa, logo haiko yangu». Watu wanaogopa kwamba iyo inawashusha, na kumbe mtu wa ONG anatafuta mwenye anajua kutayarisha faili, wachoraji wa logo ni wengi.

Na usipange alama za mashirika makubwa chini ya «makliyenti wangu» juu ulichapa tisheti zao kupitia mtu mwingine. Wanaulizana mu izo ofisi, Goma ni ndogo. Ile nembo ya Umoja wa Mataifa hasa, matumizi yake yamefungwa na azimio 92(I) la Baraza Kuu, la mwezi wa 12 mwaka 1946, haiko kitu cha kupamba ukurasa wako.

Wanaandika, lakini ni invitasyo za ndoa tu

Angalia ukurasa wako wa kwanza. Kama picha tatu za juu ni invitasyo za ndoa, watu wanaomba chenye wanaona. Hakuna ubaya, ndoa zinalipa kodi ya wengi kati yetu, lakini kama unataka ripoti na lebo, peleka ndoa chini ama uifungulie fasi yake, na ripoti ziende juu hata kama uko na moja tu na ni zoezi. Chukua ripoti yoyote yenye shirika lilishatoa kwa watu wote, panga upya kurasa nne, onyesha ya zamani na yako upande kwa upande, kwa heshima, bila kucheka yao. Juu ya iyo kazi moja mtu anaweza kukuamini ripoti nzima.

Wanataka kuandika, hawajui wapi

Iyi ni ya haraka. Namba yako iwe na 243 mbele na sifuri itoke. Linki ya WhatsApp inaandikwa wa.me/243 alafu namba zenye zinabaki, bila alama ya kujumlisha, bila nafasi, mtu anabonyeza na mazungumzo yanafunguka. Wengi wetu tuko na simkadi ya Rwanda pia, ile ya 250, juu ya mtandao. Weka moja tu, yenye unajibu, mbili zinachanganya watu. Imeli iwe jina lako, majina ya utani ya zamani yaache kwa marafiki. Sema uko mji gani, unaandika Kifaransa, Kiswahili, ama Kiingereza kama unajua kweli, na kazi gani unafanya, sentensi mbili basi. Maelezo ya kazi zenye unalenga kwa ONG yaandike Kifaransa, zingine Kiswahili, mama wa restora hataki kusoma dissertation.

Bei? Ku katalogi ya WhatsApp Business weka bei ya kuanzia, itakuepusha na watu wa «nifanyie ya dola mbili». Ku potifolio ya ONG usiweke, wao wanaombaka fakture ya proforma kila kazi na yake.

Niweke wapi sasa

Kwa mwenye anaanza: Behance juu ni bure, iko tangu 2005, Adobe iliinunua 2012, haitapotea kesho. PDF moja nyepesi yenye kazi zile zile kwa ofri. Katalogi ya WhatsApp Business kwa watu wa mtaa. Instagram kama unapenda, lakini jua kwamba tangu mwezi wa kwanza 2025 ile meza ya profaili iliacha mraba ikawa ya kusimama, 3 kwa 4, donk kama ulipangaka picha za mraba angalia kama hazikatwi vibaya.

Domeni yako mwenyewe, ile anwani ya site yako, .com ama .cd, inapendeza, lakini haina haraka. Wauzaji wengi wanataka kadi ya Visa, na tangu benki zifunge milango apa mwanzo wa 2025 kila mtu anajua vile imekuwa. Kama uko na ndugu Kampala ama Nairobi mwenye anaweza kukulipia, hakikisha domeni inaandikwa ku jina lako na imeli yako, la sivyo siku mkikosana site ni yake.

Kulikuwaka na watu, sasa hakuna

Angalia tarehe. Kazi yako ya mwisho ni ya 2022, mtu anafikiri uliachaka kazi ama ulihama. Ama linki yenye uko nayo ku bio inapeleka ku site ya bure yenye ilishafungwa. Bonyeza linki zako zote kila mwanzo wa mwezi, zote, hata ile ya chini ya imeli. Na ukiongeza kazi mpya moja, toa ya zamani moja. Ukibadilisha kitu, badilisha kimoja alafu ungoje uone namba zinasema nini, juu ukibadilisha maneno, mpangilio na linki siku moja, na mtu akaandika, hautajua ni nini ilimleta.

Wameiba afishi yangu

Itatokea, hasa kama ni nzuri. Usiweke jina lako kubwa katikati ya kazi kujikinga, inaharibu kazi na mwizi anaifuta na simu ndani ya dakika tano. Weka picha ndogo ku intaneti, faili kubwa ubaki nayo, na uchunge ile faili ya mwanzo na tarehe zake. Mtu akiweka kazi yako ku ukurasa wake mwandikie peke yake kwanza, kwa adabu, na skrini ya faili. Kama anakataa, Behance na Facebook na Instagram zote ziko na fasi ya kuripoti kazi yenye imeibwa, unajaza, unaweka linki ya yako yenye ilitangulia. Njo sababu ingine ya kuweka kazi ku Behance siku yenye umeimaliza, tarehe inabaki apo.